Seli shina na sauti iliyokauka: kinacholainishwa ni kovu

Bukavu mtu akipoteza sauti hakosi mganga. Jirani atamletea tangawizi, mwingine limau na asali, wa tatu atamwambia asukutue kwa maji moto ya chumvi. Siku hizi limeongezeka jina jipya linalozunguka kwenye simu kwa video fupi: seli shina, yaani seli changa za mwili ambazo bado hazijachukua kazi maalumu. Mwimbaji wa kwaya analitaja, mchungaji wa Kadutu anayehubiri kwa nguvu za kifua umeme ukikatika analitaja, na mwalimu mwenye darasa la watoto 60 anauliza: wanachomea wapi, na ni dola ngapi?

Habari hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Watu wamekwisha kuchomwa seli shina kwenye nyuzi za sauti, na baadhi yao walipata nafuu. Lakini ni wachache mno, waliteuliwa mmoja mmoja, na tatizo lao lilikuwa la aina moja: kovu. Aliyepoteza sauti kwa sababu nyingine hana cha kupata kwenye sindano hiyo hata ikifika hapa mjini, mtaa wa Nyawera, kesho asubuhi. Kwa hiyo tuanzie kooni kwanza, seli zitafuata.

Mikunjo inayoitwa nyuzi

Jina linapotosha. Ukisikia "nyuzi za sauti" unawaza gitaa, kana kwamba kuna kamba zimevutwa ndani ya koo. Kilichopo ni mikunjo miwili ya nyama laini, mmoja kushoto na mmoja kulia, imelala ndani ya zoloto, pale unapoona shingo ya mwanaume ikipanda na kushuka anapomeza. Kwa mwanaume mzima kila mkunjo una urefu wa milimita 17 hadi 21 hivi. Kwa mwanamke ni 11 hadi 15. Ukivuta pumzi mikunjo inaachana kama herufi V. Ukitaka kusema inakutana, hewa ya mapafu inapenya katikati kwa kusukuma, nayo inagongana mara 100 hadi 125 kwa sekunde kwa mwanaume, mara 200 na ushei kwa mwanamke. Mama anayeimba soprano akiifikia do ya juu kabisa, mikunjo yake inagongana zaidi ya mara 1,000 katika sekunde moja. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachopigwa hivyo.

Mwaka 1974 daktari Minoru Hirano wa Kurume, Japani, alieleza mikunjo hiyo ilivyojengwa. Imepangwa kwa matabaka. Juu kuna ngozi nyembamba yenye unyevu. Chini yake kuna tabaka laini mno, karibu kama jeli, lenye nyuzinyuzi chache na asidi haialuroniki nyingi, ile inayoshika maji. Kisha linakuja tabaka lenye elastini, inayovutika na kurudi, halafu lenye kolajeni, iliyo ngumu zaidi. Mwisho kabisa ni msuli. Sauti inatoka hasa pale juu: ngozi na ile jeli huteleza juu ya vilivyo chini yake na kupiga wimbi, huku msuli ukitulia.

Ukitaka kuliona jambo hili, chukua jani bichi la nyasi, libane kati ya vidole gumba viwili, upulize kama watoto wanavyofanya. Linalia. Sasa chukua jani lililokauka sehemu moja. Hewa inapita ikifanya "shhh", na ukilazimisha, mlio unatoka kwa kukwaruza halafu unakatika. Kovu kwenye mkunjo wa sauti linafanya vivyo hivyo.

Kovu linavyoua wimbi

Jeraha likipita kwenye ngozi na kugusa ile jeli, mwili unaziba haraka kwa kitu ulicho nacho tele, yaani kolajeni. Inamwagwa nene na bila mpangilio, elastini inapungua, asidi haialuroniki inapungua, na ngozi inagandamana na tabaka la chini. Kitambaa kilichokuwa kikiteleza juu ya godoro sasa kimeshonewa. Mikunjo ikikutana, katikati kunabaki mwanya. Hewa inavuja, mgonjwa anasukuma kwa nguvu zaidi, na ikifika jioni hana tena sauti, shingo inauma, na watu wanamwuliza kama ana mafua.

Kovu hilo linatoka wapi? Mara nyingi kwenye mpira wa kupumulia aliowekewa mgonjwa mahututi au wakati wa upasuaji, hasa ukiwa mkubwa kuliko koo au ukikaa siku nyingi. Mara nyingine ni upasuaji wa kutoa vinundu uliokwenda chini kuliko ilivyotakiwa. Kuna pia virusi vya HPV, aina ya 6 na ya 11, vinavyootesha vichunjua kwenye zoloto, hasa kwa watoto; vinakatwa, vinaota, vinakatwa tena, na kila mkato unaacha alama. Miale ya kutibu saratani ya koo nayo hukausha tabaka lote. Kupiga kelele peke yake kwa kawaida huleta vinundu au uvimbe kabla ya kovu, ingawa mshipa mdogo wa damu ukipasuka ndani ya mkunjo, kovu linaweza kufuata.

Mtu atauliza: si walikwangue tu? Hapo ndipo madaktari walipogonga ukuta kwa miaka mingi. Ukilikata kovu umefungua jeraha jipya, na jeraha jipya linaziba kwa kovu. Sindano ya asidi haialuroniki inajaza mwanya kwa miezi kadhaa, kisha mwili unaimeza. Mafuta ya mgonjwa mwenyewe yanakaa zaidi, lakini hakuna ajuaye mapema yatabaki kiasi gani. Yote hayo yanasogeza mkunjo katikati bila kuurudishia ule mtelezo. Seli shina ziliingizwa kwenye mazungumzo kwa ajili ya mtelezo huo.

Magonjwa ambayo seli hazina kazi nayo

Vinundu vya mwalimu au mchuuzi anayeita wateja kutwa vinatibiwa kwa mazoezi ya sauti, na mara nyingi kisu hakihitajiki. Asidi ya tumbo inayopanda usiku inatibiwa kwa dawa na kwa kuacha kula saa tatu kabla ya kulala. Kifua kikuu kinaweza kushambulia zoloto lenyewe. Hapo dawa ni zile zile za kifua kikuu, na kuchelewa kunaambukiza nyumba nzima. Saratani ni jambo jingine kabisa: kuchoma seli zinazochochea ukuaji mahali penye saratani ni hatari, na ndiyo maana hakuna daktari mwenye akili atakayechoma bila kwanza kukata kipande na kukipima.

Kuna pia kupooza, na huku kwetu kunastahili maneno zaidi. Mshipa wa neva unaoendesha mkunjo wa sauti unashuka kifuani kabla ya kurudi juu; wa kushoto unazunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu wa moyo. Yote miwili inapita nyuma ya tezi ya thairoidi. Kivu ni nchi ya goita tangu zamani. Kisiwa cha Idjwi, hapo katikati ya ziwa, kilichunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1960, na humo ndimo ilipoonekana kwamba pamoja na upungufu wa ayodini, muhogo usioandaliwa vizuri nao unachangia. Mtu anapotolewa goita kubwa, neva hiyo inaweza kuvutwa au kukatwa, na mkunjo mmoja unabaki umelala. Sauti inakuwa ya upepo, na maji yanampalia. Mkunjo wenyewe ni mzima, hauna kovu. Kilichokufa ni amri inayotoka juu. Ukiumwagia seli shina utakuwa umepaka rangi gari lisilo na betri. Dawa yake ni kuusukuma mkunjo uliolala mpaka ukutane na mwenzake, kwa sindano ya kujaza au kwa kipande kinachopachikwa kupitia gegedu la shingo, upasuaji ambao Nobuhiko Isshiki wa Kyoto aliueleza mwaka 1974. Neva iliyovutwa tu mara nyingi huamka yenyewe ndani ya miezi 6 hadi 12, hivyo madaktari husubiri kabla ya kufanya cha kudumu.

Seli zenyewe na safari yake

"Seli shina" ni jina la ukoo mkubwa. Zinazotumika kwenye nyuzi za sauti ni zile za mesenkima, zinazopatikana kwenye uboho wa mifupa na kwenye mafuta ya mwili. Wengi hudhani zikichomwa zinageuka kuwa mkunjo mpya. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba baada ya wiki chache ni chache tu zinazobaki. Kazi yake ni ya mgeni msuluhishi: zinafika, zinatoa kemikali zinazotuliza uvimbe, zinazuia kolajeni isimwagwe ovyo na kuamsha seli za mwenyeji, kisha zinapotea. Tishu inajijenga upya yenyewe kwa miezi inayofuata.

Kuzipata ni kazi ya maabara kuliko ya kisu. Daktari anatoboa mfupa wa nyonga kwa sindano nene, mgonjwa akiwa amechomwa ganzi, na kuvuta uboho. Ndani yake seli zinazotakiwa ni chache sana: moja kati ya seli 10,000 hadi 100,000. Zinatenganishwa na kumwagwa kwenye chombo cha plastiki, maana zina tabia ya kung'ang'ania plastiki wakati nyingine zinaelea na kumwagwa pamoja na maji. Chombo kinawekwa kwenye kabati la joto la nyuzi 37 lenye hewa ya kaboni asilimia 5. Chakula chao kinabadilishwa kila siku tatu au nne. Zikijaa zinabanduliwa na kugawanywa kwenye vyombo vingi zaidi. Wiki kadhaa zinapita hivyo.

Kabla ya kutoka maabara lazima zipimwe. Kanuni iliyokubaliwa kimataifa tangu 2006 inadai angalau asilimia 95 ya seli ziwe na alama za juu ya seli ziitwazo CD73, CD90 na CD105, na zisizidi asilimia 2 zenye alama za seli za damu kama CD34 na CD45. Zinapimwa pia bakteria, kuvu na mikoplasma, kijidudu kidogo mno ambacho hakichafui maji kwa macho wala hakiuawi na penisilini. Batchi moja ikiingiwa nacho, yote inatupwa na mgonjwa anatobolewa upya. Seli zikikuzwa vizazi vingi mno zinachoka na kupoteza nguvu. Na kabati lile la nyuzi 37 halisamehe: mji wenye delestaji, yaani mgao wa umeme, ya saa sita kwa siku, bila jenereta inayowaka yenyewe na betri ya kati, hauwezi kukuza seli za kumchoma mtu. Ukitaka kuzihifadhi unahitaji naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, ijazwe kila mara bila kukosa.

Siku ya sindano mgonjwa analazwa usingizi. Kichwa kinainamishwa nyuma, meno ya juu yanawekewa kinga, na bomba la chuma linapitishwa mdomoni hadi juu ya zoloto, likiegemezwa kwenye mhimili juu ya kifua. Daktari anatazama kwa hadubini yenye lenzi ya milimita 400; mikono yake iko nje kabisa, inashika vyombo virefu kuliko kalamu, na ncha yake inafanya kazi kwenye kitu chenye upana wa punje ya mchele. Anafungua ngozi, analegeza kovu au kulikata, kisha anasukuma majimaji yenye seli polepole kwa sindano nyembamba. Akisukuma kwa nguvu seli zinachanika kwenye tundu la sindano. Akiingia ndani sana zinamwagika kwenye msuli ambako hazina kazi. Akibaki juu sana, au pale alipokata pakiwa wazi, zinavuja na kumezwa. Tabaka analolitafuta halifiki unene wa milimita moja.

Baada yake ni kunyamaza siku 7 hivi, bila hata kunong'ona, kwa sababu kunong'ona kunabana zoloto. Halafu mazoezi ya sauti taratibu. Matokeo hupimwa kwa miezi.

Waliochomwa, na walichopata

Jaribio linalotajwa zaidi ni la Stockholm, Uswidi, kwenye taasisi ya Karolinska, lililoongozwa na Stellan Hertegård na kuchapishwa mwaka 2020. Wagonjwa walikuwa 16, wote wakiwa na kovu na sauti mbaya ya muda mrefu. Walikatwa kovu, wakachomwa seli za uboho wao wenyewe. Baadhi zilichanganywa na jeli ya asidi haialuroniki. Baada ya mwaka mmoja, mtetemo wa mikunjo na shinikizo la hewa linalohitajika ili sauti ianze vilikuwa bora kwa asilimia 62 hadi 75 yao. Lakini walipojaza fomu ya kueleza sauti inavyowasumbua maishani, ni 8 waliosema wamepata nafuu ya maana. Wengine walibaki karibu pale pale. Madhara makubwa hayakuonekana.

Soma namba hizo kwa makini. Nusu. Tena hapakuwa na kundi la kulinganisha lililokatwa kovu bila kuchomwa seli, kwa hiyo sehemu ya nafuu inaweza kuwa ya kisu. Jaribio la ukubwa huo linajibu swali la usalama. La ufanisi linaligusa tu.

Wafaransa wa Marseille walichagua njia fupi. Walivuta mafuta chini ya ngozi, wakayasaga kwa kimeng'enya na kupata mchanganyiko wa seli, zikiwemo za mesenkima, wakauchoma bila kukuza chochote kwa wiki. Wagonjwa wao walikuwa 8, na matokeo ya mwaka wa kwanza, yaliyotoka pia 2020, yalitia moyo. Kwa nchi zenye umeme wa kubahatisha njia hii ndiyo yenye sura ya kuwezekana siku moja, ingawa chumba safi na vipimo vya vijidudu bado havikwepeki.

Huko Wisconsin, Marekani, kundi la Nathan Welham lilichukua njia nyingine tena: mwaka 2015 walikuza ngozi nzima ya mkunjo wa sauti kwa seli za watu, wakaishona kwenye zoloto la mbwa aliyekufa, wakapuliza hewa, nayo ikalia. Lakini seli hizo zilikuwa za kawaida za mkunjo, hazikuwa seli shina, na hajashonewa binadamu.

Karolinska hiyo hiyo ina kumbukumbu nyingine, chungu. Mwaka 2011 na 2012 Paolo Macchiarini aliwawekea huko wagonjwa watatu bomba la pumzi la plastiki lililonyunyiziwa seli shina, likisifiwa kwenye magazeti ya dunia. Wote watatu walikufa, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Uswidi ilimtia hatiani. Plastiki haikugeuka nyama kwa kunyunyiziwa seli. Mtu akikuahidi zoloto jipya kwa sindano moja, mkumbuke Macchiarini.

Na vile vidonge na vifuko vya unga vinavyouzwa mjini kama "seli shina"? Seli hai haivumilii wiki moja kwenye kifuko kikavu, sembuse tumbo lenye asidi. Dripu ya mkononi nayo haifikishi kitu kooni: seli nyingi zinakwama kwenye mishipa midogo ya mapafu zikipita mara ya kwanza.

La kufanya ukiwa Bukavu

Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu inastahili kutazamwa na daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo, kwa kamera ya kupitia puani. Usisubiri hizo wiki tatu ukiwa na shida ya kupumua, chakula kinachokwama, damu kwenye makohozi, uvimbe shingoni au kukonda. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, peleka makohozi yapimwe kifua kikuu kwanza. Kovu lenyewe linaonekana vizuri kwa taa ya stroboskopu, inayomulika kwa vipande na kufanya mtetemo uonekane polepole. Kamera ya kawaida inaweza kuonyesha mkunjo mweupe ulionyooka na mtu akaambiwa hana kitu. Wengine huvuka mto Ruzizi kwenda Rwanda kutafuta kipimo hicho. Ukienda, rudi na video kwenye simu. Karatasi peke yake haimsaidii daktari wa pili.

Nyumbani unaweza kujipima kwa saa ya simu. Vuta pumzi, sema "aaa" kwa sauti ya kawaida mpaka iishe. Mtu mzima mwenye afya anapita sekunde 15. Chini ya 10 hewa inavuja mahali. Kisha vuta "sss" na "zzz", kila moja mpaka mwisho. Kwa kawaida zinakaribiana. "Sss" ikiizidi "zzz" kwa mara 1.4 au zaidi, mapafu yana pumzi ila mikunjo haifungi vizuri.

Zoezi moja linasaidia karibu kila sauti iliyochoka, hata yenye kovu, na halina gharama. Jaza chupa ya nusu lita maji hadi nusu. Tumbukiza mrija sentimita 2 au 3 ndani ya maji, ubane kwa midomo bila hewa kutoka pembeni, upulize huku ukisema "uuu" kwa sauti ndogo. Povu litoke sawasawa. Endelea dakika 3 hadi 5, mara kadhaa kwa siku, asubuhi kabla ya kwenda darasani au kwaya ndiyo mara bora. Mashavu yakivimba sana au shingo ikikaza, mrija umezama mno, uinue kidogo. Povu likija bila sauti, umepuliza tu. Na likikatikakatika, pumzi imesukumwa kwa kasi: simama, vuta upya, anza kwa nguvu nusu.